Barua ya Nyumbani: Wajumbe wa Damu na Ubongo Uliojeruhiwa

Mwezi uliopita tulieleza habari za maji ya kunywa na namna ya kuyachemsha, tukaahidi kuendelea na habari za mbu. Lakini imetupasa kuiweka ahadi hiyo kando kidogo, kwa kuwa tumepokea barua ya mama mmoja, nayo haiwezi kungoja. Jina lake hatulitaji, wala mahali pake. Maneno yake twayatoa kwa ufupi, maana twajua kwamba nyumba nyingi zina jambo kama lake, na wenyewe hawajapata wa kumwuliza.

Mama huyu asema hivi. Mumewe ni fundi mwashi, mtu wa miaka hamsini na minane. Aliamka alfajiri moja akataka kuvaa viatu, mkono wa kuume ukakataa. Akataka kumwita mkewe, ulimi nao ukakataa. Wakampeleka hospitali, wakaambiwa kwamba ni kiharusi. Alikaa huko majuma matatu, kisha akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo, watu wakafurahi. Lakini mtu aliyerudi, asema mama, "si yule aliyeondoka." Zamani alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Sasa hulia kwa jambo dogo, tena hukasirika akatupa sahani. Usiku halali, bali huzunguka nyumbani akigusa milango, na mchana husinzia kitini. Jina la mjukuu wake ampendaye hulisahau.

Ndugu za mume wamekaa baraza, wakasema kwamba ndugu yao ametupiwa kitu. Mmoja wao akatamka mbele ya watu wote, "Kikulacho ki nguoni mwako," huku akimtazama mama huyu. Tena juma lile lile alifika mchuuzi wa dawa na vichupa vyake, akasema kwamba ndani yake mna homoni za kufufua ubongo, na bei yake yalingana na mbuzi wawili. Mama ana mbuzi watatu.

Basi atuuliza maswali mawili. La kwanza, je, mume wangu yumo bado ndani ya mwili ule, au amekwisha kwenda? La pili, je, niwauze mbuzi?

Sisi si daktari. Lakini tumesoma, tumeuliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika kwa utaratibu, ili hata yule ndugu aliyesema neno lile barazani ayasome mpaka mwisho.

Kwanza yafaa tujue kiharusi chenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni mzito kwa kadiri ya kilo moja na nusu au pungufu kidogo, yaani kama sehemu 2 katika 100 za mwili wote. Lakini katika hewa safi ambayo mwili huitumia, ubongo peke yake huchukua sehemu 20 katika 100. Ni kama nyumba ya watu hamsini, na mmoja wao hula chakula cha watu kumi. Tena mlaji huyu hana ghala. Damu ikikatika dakika chache tu, huanza kufa. Wataalamu hukadiria kwamba mshipa mkubwa wa damu ukizibwa, chembe za ubongo zipatazo 1,900,000 hupotea kila dakika moja ipitayo.

Viharusi ni vya namna mbili. Katika namna ya kwanza, donge la damu huziba mshipa, na shamba lililonyweshwa na mfereji ule hukauka. Katika namna ya pili, mshipa hupasuka, damu ikamwagika ndani ya kichwa. Kwa macho hatuwezi kuzipambanua. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha ya kichwa kwa mashine kabla ya kupewa dawa ya kuyeyusha donge, kwa sababu dawa iliyo uzima kwa mmoja ni mauti kwa mwenzake.

Pembeni mwa mahali palipokufa kuna mahali palipozimia tu. Chembe zake zi hai, lakini zimenyamaza. Katika siku na majuma yafuatayo hapo ndipo mashindano yalipo, nyingine zitapona na nyingine zitafuata wafu. Na katika mashindano hayo homoni zina sehemu yake.

Homoni ni kitu gani? Katika mwaka 1902, mjini London, wataalamu wawili, William Bayliss na Ernest Starling, waliona jambo la ajabu. Walikata mishipa ya fahamu iendayo katika kipande cha utumbo mdogo wa mnyama, kisha wakatia humo maji yenye uchachu, kama yale yatokayo tumboni baada ya kula. Kongosho, iliyo mbali kidogo, ikatoa maji yake ya kusaga chakula kana kwamba imeambiwa. Nani aliiambia, na hali njia za habari zimekatwa? Wakagundua kwamba utumbo ulikuwa umetia kitu katika damu, na damu ndiyo iliyopeleka habari. Mwaka 1905 Starling alikipa kitu cha namna hiyo jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kusukuma.

Basi mwilini mna njia mbili za kupeleka amri. Mshipa wa fahamu ni kama tarishi achukuaye barua moja na kuifikisha kwa mtu mmoja. Homoni ni kama mbiu ya mgambo. Hupigwa mahali pamoja ikasikiwa kijiji kizima, na kila mtu hufanya lililo lake: huyu hushika jembe, yule hufunga ng'ombe, wanawake huwaita watoto. Wazee walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na kiharusi ni jambo.

Mara tu ubongo unapojeruhiwa, sehemu yake moja ya chini, iitwayo haipothalamasi, hutuma habari kwa tezi ndogo iliyoning'inia chini yake. Tezi ile huziamuru tezi mbili zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga kotisoli katika damu. Kwa njia nyingine, ya mishipa ya fahamu, tezi hizo hizo hutoa adrenalini. Hizi ndizo homoni za hatari, zile zile zimwezeshazo mtu kumkimbia chui. Moyo huenda mbio, damu hushindiliwa kwa nguvu, ini hufungua ghala la sukari na kuimwaga nje. Kwa mtu akimbiaye chui huo ni msaada. Lakini mtu huyu amelala kitandani, na chui yumo ndani ya kichwa chake. Tena ubongo, ulio mpiga mbiu, umejeruhiwa, nao hauachi kupiga kwa wakati wake.

Tazameni yatokeayo. Kwa mtu mwenye afya kotisoli hupanda karibu na alfajiri, hushuka jioni, na usiku wa manane huwa kidogo sana. Baada ya kiharusi utaratibu huo huvurugika kwa wengi. Usiku unapofika kotisoli haishuki ipasavyo, na kwa baadhi ya watu hubaki juu kwa majuma mengi. Kadhalika homoni ya giza, iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umeingia, yaweza kupoteza saa zake. Basi mtu huamka wakati wa kulala, akasinzia wakati wa kuamka. Mama, mumeo anapogusa milango usiku, huenda mwili wake wamwambia kwamba kumekucha.

Tena ndani ya ubongo mna sehemu itunzayo kumbukumbu mpya, iitwayo hipokampasi, nayo ina milango mingi ya kupokea kotisoli. Katika majaribio ya wanyama imeonekana kwamba kotisoli ikizidi kwa muda mrefu sehemu hiyo hudhoofika. Na kwa watu, wataalamu wameona kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye kotisoli nyingi ndio mara nyingi wachanganyikiwao zaidi, tena hupona kwa shida zaidi. Hatuwezi kusema kwamba kotisoli pekee ndiyo sababu, kwa kuwa jeraha kubwa hutoa kotisoli nyingi, na jeraha kubwa lenyewe ni baya. Lakini mambo haya mawili huenda pamoja.

Sukari nayo hupanda, hata kwa mtu asiyekuwa na kisukari hapo kwanza. Na kinga ya mwili hulegea, kwa sababu homoni za hatari zikidumu huwafanya askari wa damu wapoe. Ndiyo mojawapo ya sababu wagonjwa wa kiharusi kushikwa na homa ya mapafu, hasa wale ambao koo zao hazimezi sawasawa. Tena kuna homoni iyaamuruyo mafigo yazuie maji. Baada ya jeraha la kichwa yaweza kuzidi, maji yakajaa mwilini, chumvi ya damu ikazimuliwa, na mgonjwa akalegea au akachanganyikiwa upya. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipata nafuu akibadilika ghafula, msiseme kwamba ndiyo tabia yake mpya. Mrudisheni hospitali apimwe damu.

Lakini tusiwatwike wajumbe makosa yote. Kulia kwa jambo dogo, au kucheka mahali pa msiba, mara nyingi hutoka katika jeraha lenyewe, kwa kuwa njia za ubongo zizuiazo machozi na kicheko zimekatika. Machozi hutoka ingawa moyo haukuhuzunika kwa kiasi kile. Na huzuni ya kweli ipo pia. Kadiri ya mtu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi hushikwa na huzuni nzito, iitwayo sonona, nayo ina dawa na ina washauri. Si ukosefu wa shukrani kwa wale wamtunzao.

Hapa twapaswa kuungama deni letu. Miaka kumi na miwili iliyopita jirani yetu alipigwa na kiharusi, mzee aliyetufundisha kupanda migomba tulipohamia mahali hapa. Tulikwenda kumtazama, naye akatutukana matusi mazito mbele ya watoto wetu. Tukasema moyoni, kumbe ndivyo alivyo siku zote, maradhi yamemfunua tu. Tukaacha kwenda. Aliishi miezi saba, akafa. Baada ya maziko mjane wake alituambia kwamba kila jioni mzee alielekeza fimbo yake katika njia ya nyumbani kwetu, kama aulizaye. Wakati ule hatukujua tunayoyajua sasa, kwamba kiharusi kikiharibu upande wa kushoto wa ubongo, mahali pa usemi, mtu aweza kupoteza maneno yake yote mema, na matusi yakabaki, maana matusi hutoka kwa njia nyingine, kama yatokavyo kwa mtu aliyejikwaa kidole. Huenda mzee alitaka kusema karibuni, na neno lililopatikana ni lile. Deni hili hatuna wa kumlipa. Twaliandika ili ninyi msikope kama sisi.

Basi, mama, jibu la swali lako la kwanza ni hili: mumeo yumo. Amejeruhiwa, na mwili wake wapiga mbiu mchana na usiku, naye hana uwezo wa kuinyamazisha. Tena tangu sasa hata miezi mitatu ndio wakati ambao wengi hupata nafuu kwa upesi zaidi, na hata baada yake nafuu huja, ingawa kwa mwendo wa polepole.

Na kwenu, ndugu za mume, twawaandikia kwa heshima. Kati ya miaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu viharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu moja ya mji wa Dar es Salaam. Walipokwisha kusawazisha umri wa watu, walipata viharusi 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 katika Dar es Salaam. Wataalamu waliwahoji pia watu wa mahali pote pawili, na habari zao zikachapwa mwaka 2008. Huko Hai wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mahangaiko. Mjini, zilipo hospitali kubwa, wengi walitaja mapepo na uchawi, tena wakaanza kwa waganga wa kienyeji. Lakini sababu kubwa kuliko zote, mjini na shamba, ni shinikizo la damu, ambalo haliumi wala halionekani, bali hupimwa kwa kipimo katika dakika mbili. Je, kabla ya alfajiri ile, ndugu yenu alikuwa amepimwa mara ngapi? Ulizeni hilo kwanza barazani. Mke aliyemwosha, akamgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko majuma yote haya si mahali pa kumtafuta mchawi.

Sasa twaja kwa mchuuzi na vichupa vyake. Wazo lake, kwamba homoni zaweza kuuponya ubongo, hakulitunga yeye. Wataalamu wakubwa walilifikiri kabla yake, wakalijaribu kwa uaminifu, na yafaa tujue waliyoyapata.

Walianza na homoni ya kike, estrojeni. Ilionekana kwamba wanawake kabla ya kukoma hedhi hupatwa na kiharusi mara chache kuliko wanaume wa umri wao. Katika panya ilionekana wazi zaidi: panya jike akizibiwa mshipa wa kichwa, jeraha lake huwa dogo kuliko la dume, akiondolewa ovari faida ile hupotea, na akipewa estrojeni hurudi. Nani asingetumaini? Basi huko Marekani walichukuliwa wanawake 664 waliokwisha kukoma hedhi na waliopata kiharusi au dalili zake karibuni, umri wao kwa wastani miaka 71. Nusu walipewa estrojeni, nusu vidonge visivyo na dawa, na mpewaji hakujua amepewa kipi. Walifuatwa kwa kadiri ya miaka mitatu. Mwaka 2001 majibu yalitolewa: estrojeni haikuzuia kifo wala kiharusi kipya. Tena waliopata kiharusi kingine hali wakimeza homoni walielekea kuwa na hali mbaya kidogo kuliko wenzao.

Mwaka uliofuata, 2002, jaribio lingine la huko huko, la wanawake 16,608, lilionyesha kwamba estrojeni ikichanganywa na homoni mwenziwe iliongeza viharusi vinane kwa mwaka katika kila wanawake 10,000. Mwaka 2004 wale waliopewa estrojeni peke yake nao walisimamishwa, kwa kuwa viharusi viliongezeka kumi na viwili katika hesabu hiyo hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba vidonge vya estrojeni hulifanya ini liongeze vitu vigandishavyo damu. Panya wale walikuwa vijana wenye mishipa safi, nao walipewa homoni kabla ya jeraha. Bibi wa miaka 71 hana mishipa ya panya kijana. Kwa sababu hiyo mama aliyekwisha kupata kiharusi hapaswi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Amweleze muuguzi habari zake, apewe njia nyingine.

La pili ni homoni ya mafigo, erithropoetini, iamuruyo mifupa itengeneze damu nyekundu. Katika wanyama ililinda ubongo. Jaribio dogo la watu huko Ujerumani, lililochapwa mwaka 2002, lilileta matumaini makubwa. Wakafanya jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 522, na mwaka 2009 wakasema kweli yote: dawa haikuwasaidia, na waliokufa miongoni mwa waliopewa homoni walikuwa 16 katika kila 100, na hali upande wa pili walikuwa 9.

La tatu ni insulini, homoni ya kongosho ishushayo sukari. Kwa kuwa sukari nyingi huenda pamoja na kupona vibaya, madaktari wa Marekani waliwachukua wagonjwa 1,151 wa kiharusi wenye sukari nyingi. Baadhi walishushwa sukari kwa ukali kwa insulini ya kutiriririshwa mshipani, na baadhi kwa njia ya kawaida. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba hapakuwa na tofauti katika kupona. Lakini kati ya wale walioshushwa kwa ukali, karibu 3 katika kila 100 sukari ilianguka mno hata ikawa hatari. Mwenye kisukari asisikie vibaya neno hili. Asiache insulini yake wala vidonge vyake hata siku moja. Maana yetu ni kwamba sukari itunzwe kwa kiasi, kwa kupimwa, wala isikimbizwe.

Mama, sasa waona jibu la swali la pili. Homoni ina nguvu kweli, na kwa ajili hiyo haifai kununuliwa kichupani kwa mtu apitaye njiani. Ikiwa kichupa chake kina maji tu, umepoteza mbuzi wawili. Ikiwa kina homoni ya kweli, waweza kupoteza zaidi ya mbuzi.

Lakini hatukuachi mikono mitupu. Kuna njia za kuituliza mbiu, nazo hazina bei kubwa.

Usiku, nyumba iwe na giza na kimya, ila taa ndogo njiani ili asianguke. Mchana atolewe nje akae penye mwanga, azungumzishwe, asiachwe kusinzia tangu asubuhi hata jioni. Hivyo mwili hujifunza tena saa zake. Chakula kiwe kwa wakati ule ule kila siku, chumvi kidogo, maharage na mboga kwa wingi. Ale akiwa ameketi wima, kwa tonge ndogo, na akikohoa kila amezapo, apelekwe apimwe koo. Misuli ifanye kazi kila siku: ainuke na kuketi, ashike kikombe kwa mkono mdhaifu, atembee hatua chache kisha nyingi. Misuli ifanyapo kazi nayo hutuma wajumbe wake katika damu, na wajumbe hawa ni wema. Mkisema naye, semeni maneno machache, mtu mmoja mmoja, mkingoja jibu. Msimsahihishe mbele ya wageni. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mwanamume aliyejenga nyumba za watu apenda kuulizwa kama ataka shati la bluu au jeupe.

Dawa za shinikizo la damu na nyingine alizopewa hospitali amezwe kila siku, hata akijiona mzima. Mhudumu akisema ziko sawa, ziko sawa. Asiziache kwa sababu jirani amesema. Hali ya huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili, kukataa chakula, au kusema kwamba afadhali kufa, iambieni kliniki bila haya.

Na kwa wote wasomao: uso ukipinda ghafula upande mmoja, mkono au mguu ukilegea, au maneno yakivurugika, angalieni saa ilikuwa ngapi, mkamwahishe hospitali. Dawa ya kuyeyusha donge, palipo nayo, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Msimpe chakula wala maji wala kidonge chochote njiani, hata aspirini, kwa maana hamjui ni kiharusi cha namna gani.

Mama, ukitaka kuuza mbuzi, uza mmoja. Kwa fedha yake lipa nauli ya kwenda kliniki, na ikibaki ya kutosha, ununue kipimo cha shinikizo la damu, mkiandike kila kiasi katika daftari. Kipimo hicho kitawafaa na shemeji zako, kwa kuwa damu yao na ya mumeo ni moja, na shinikizo hufuata ukoo. Waite waje wapimwe. Kisha wakiwa wameketi pale, waombe jambo moja tu, kwamba wagawane usiku wa kumlinda ndugu yao, nawe ulale. Maana barua yako ilikuwa na maswali mawili juu ya mumeo, na hapakuwa na neno hata moja juu ya usingizi wako mwenyewe, nasi twajua kwamba tangu alfajiri ile hujaupata.

Tutafurahi kupata habari zenu. Mambo ya mbu tutayaeleza mwezi ujao, tukijaliwa.